Aliyefagia Kiti cha Mzee Raimundi

Jumatano ile ndege ilitua Mbinga saa tano asubuhi. Abiria walishuka, na Bonifasia akapanda ngazi na ufagio wake mdogo ili afanye usafi kabla ya abiria wengine kuingia. Ilikuwa ndege ndogo ya viti kumi na viwili: safu sita, kiti kimoja kulia na kimoja kushoto. Alianzia nyuma, kama siku zote. Safu ya sita ilikuwa sawa. Katika safu ya tano, upande wa kulia, mkanda wa kiti ulikuwa umefungwa.

Hilo lenyewe si jambo kubwa. Lakini mkanda huu haukulala kitini. Ulikuwa umekazwa, umesimama hewani, umeviringa kama unavyoviringa kwenye tumbo la mtu mwembamba.

Bonifasia aliufungua. Akazipishanisha ncha zake mbili kama msalaba juu ya kiti, kwa maana ndivyo wasafishaji wa ndege wanavyoacha mikanda, abiria ajue kiti chake kimeshughulikiwa. Kisha akapitisha kiganja kukung'uta makombo. Kiti kilikuwa na joto.

"Hilda," aliita mlangoni. "Huyu wa safu ya tano kulia ameshuka sasa hivi?"

Hilda ndiye aliyesimamia kituo cha kampuni pale kiwanjani. Alitazama karatasi yake. "Hakukuwa na mtu hapo, mama. Leo wamekuja watano tu, wote mbele."

Bonifasia alirudi ndani. Alimaliza kazi, akashuka, akanawa mikono mara mbili.

Alikuwa na sababu ya kunyamaza, na sababu hiyo ilianza siku mbili kabla.

Kwa miaka minne Bonifasia ndiye aliyeisafisha ndege hiyo. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwanakwaya, mtu wa kuamka na rozari na kulala na rozari, na kazi yake aliipenda. Dakika ishirini na tano zilimtosha. Ndipo makao makuu ya kampuni, kule Dar es Salaam, yakaleta barua. Kuanzia Jumatatu hiyo, usafi wa ndani ungefanywa na marubani wenyewe, ndege isikae chini muda mrefu. Wasafishaji wa vituo wangebaki na ofisi na choo.

Rubani Cleopa aliisoma barua kwa sauti, akaikunja. "Mimi nimesomea kurusha ndege. Sikusomea kuzoa maganda ya karanga."

"Na mimi nimesomea nini?" alisema Bonifasia. Wakacheka wote isipokuwa yeye.

Jumatatu hiyohiyo mzee Raimundi alifia ndani ya ndege. Alikuwa mkulima wa kahawa wa Litembo, akirudishwa nyumbani kutoka hospitali ya Dar, na binti yake amekaa ng'ambo ya njia. Alikata roho katika safu ya sita, upande wa kulia, ndege ikishuka, uso wake dirishani, milima yake ikionekana. Walimteremsha ndani ya blanketi. Kitini palibaki ugoro uliomwagika, mvi chache na unyevu wa mwili wake.

Watu wa milimani kule wana desturi yao. Mahali alipokatia roho mtu hapafagiwi mpaka amezikwa. Anayefagia si mke, si mtoto, si jirani, ila ni mtani wa ukoo, na vumbi analolizoa hulipeleka kaburini kwa mwenyewe. Bonifasia aliijua desturi hiyo kama anavyoijua Salamu Maria. Glorious, rubani msaidizi, hakuijua. Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Arusha, na Mbinga aliiona kwa nusu saa tu kila safari.

"Shikamoo mama," Glorious alisema siku hiyo, macho mekundu kwa kulia. "Ufagio uko wapi?"

"Marahaba. Huo hapo."

"Wewe ndiye mwenyeji. Nifagie tu?"

Lilihitajika neno moja. Simu ingepigwa, kiti kingefunikwa kwa kitambaa na kuachwa bila abiria siku mbili, na mtani angekuja. Bonifasia alimtazama yule binti, akaitazama barua iliyobandikwa ukutani.

"Barua imesema ni kazi yenu," alijibu.

Glorious alifagia. Vumbi, mvi na ugoro akavitia katika mfuko mweusi, akaufunga, na mfuko ukaenda Dar pamoja na ndege. Kwa kuwa hakuwa na mazoea, aliichelewesha ndege dakika arobaini. Kesho yake Dar wakapiga simu: usafi urudi kwa Bonifasia. Jioni hiyo Bonifasia alikwenda nyumbani akiimba.

Mzee alizikwa Jumatano, siku ileile Bonifasia alipoukuta mkanda umefungwa.

Ijumaa ulifungwa mkanda wa safu ya nne, upande wa kulia. Kiti kilikuwa na joto, na safari hii palikuwa na harufu: ugoro, blanketi lililolowa, na maganda ya kahawa yaliyochacha. Bonifasia aliufungua kwa ncha za vidole.

Jumatatu ilikuwa safu ya tatu.

Ndipo alipokaa kwenye ngazi ya ndege, jua likiwa utosini, akahesabu kwa vidole. Sita, tano, nne, tatu. Mzee alikuwa anasogea mbele, safu moja kila ndege ilipotua Mbinga, nyumbani kwake, bila yeye kushuka. Jumatano angefika safu ya pili, na Ijumaa ya kwanza. Mbele ya safu ya kwanza, upande wa kulia, hapakuwa na kiti cha abiria tena. Palikuwa na kiti cha Glorious, binti aliyemfagia, na mbele ya kiti hicho palikuwa na usukani wa ndege.

Glorious alikuwa amesimama chini ya bawa, akijisugua shingo.

"Una nini, mwanangu?"

"Baridi tu, mama. Tukianza kushuka naona baridi hapa nyuma ya shingo. Na hedifoni zangu mbovu. Nasikia mtu anakohoa."

"Anakohoaje?"

Glorious alicheka kidogo, kisha akaacha. "Kama mzee."

Jumatano Bonifasia alimleta padri wa parokia. Padri alivaa stola, akasali taratibu, akanyunyiza maji ya baraka kuanzia safu ya sita hadi mbele. Viti vyote vililowa matone. Kiti cha safu ya pili, upande wa kulia, kililowa pembeni tu. Katikati, mahali anapokaa mtu, kilikuwa kikavu, na mkanda ulikuwa umefungwa.

Padri aliutazama mkanda huo kwa muda. Waliposhuka alimvuta Bonifasia kando.

"Sala nimesali, na Mungu ameisikia. Lakini mama, kama kuna jambo lako ndani ya hili, njoo kwenye kitubio."

"Sina, Padri."

"Haya."

Jioni hiyo Bonifasia alimpigia simu Hyasinti wa Lipingo, mvuvi wa ziwani, aliyekuwa mtani mkubwa wa ukoo wa mzee Raimundi. Hyasinti alikuwa amechimba kaburi yeye mwenyewe. Kwenye mazishi aliuliza nani atafagia mahali pa kifo, akajibiwa kwamba pameshafagiwa.

"Na nani?" aliuliza sasa kwenye simu.

"Na mgeni, binti anayerusha ndege. Sasa mzee anamsogelea kiti kwa kiti."

Kwenye simu ikasikika sauti ya maji ya ziwa. "Nakuja Ijumaa. Hakuna atakayekaa nyuma ya yule binti, umenisikia? Mwambie na yeye asigeuke."

Ijumaa ndege ilikuja vibaya. Wote waliokuwa kiwanjani waliiona: bawa la kulia lilikuwa limeinama kama ndoo iliyojaa upande mmoja, ikagusa changarawe kwa gurudumu moja, ikaruka, ikagusa tena, ikayumba hadi majanini na kurudi. Abiria walishuka wakifanya ishara ya msalaba, hata wale ambao si Wakatoliki. Cleopa alishuka akiwa na jasho. Glorious alishuka wa mwisho, na kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa na alama nne za rangi ya ugoro.

"Nilikuwa nimeshika usukani," alisema kwa sauti ya chini, "na kuna mtu mwingine alikuwa ameushika."

"Hatuondoki," alisema Hilda.

"Abiria tisa wanasubiri," Cleopa alijibu, naye akinong'ona. "Niwaambie Dar nini? Kwamba nina jini?"

"Waambie tairi."

"Tairi ni zima, Hilda."

"Basi ulitoboe!"

Bonifasia alipanda peke yake. Ndani palikuwa kimya, na joto la mchana lilikuwa limejaa, lakini kadiri alivyokwenda mbele ndivyo hewa ilivyozidi kuwa baridi, na harufu ya kahawa iliyochacha ikawa nzito kiasi cha kuonjeka ulimini, na kila safu aliyoipita aliitazama kwanza kwa pembe ya jicho kabla ya kuthubutu kuitazama kwa macho yote mawili. Alifika safu ya kwanza. Mkanda ulikuwa wazi. Akaweka kiganja kitini: kiti kilikuwa baridi, hapakuwa na mtu, na kwa muda wa pumzi moja moyo wake ulitulia, akadhani sala ya Padri imechelewa tu lakini imefika, kisha akasikia, karibu sana, mtu akivuta hewa kwa taabu kama avutavyo mgonjwa wa kifua, akainua macho na kuona kiti cha Glorious, na mikanda yake yote, ya kiunoni na ya mabegani, imefungwa na kukazwa juu ya mtu asiyeonekana, na mikanda hiyo ilikuwa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka.

Hakuwa amengojea Jumatatu.

Bonifasia alirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Chini ya ngazi alikuwa amesimama mwanamume mfupi wa miaka sitini, kandambili miguuni, ufagio wa majani mkononi.

"Yuko wapi mchawi wenu?" Hyasinti alisema kwa sauti kubwa, hata abiria wakageuka.

"Amekaa mbele," Bonifasia alinong'ona. "Kwenye kiti cha rubani."

"Ala! Raimundi! Baiskeli ilikushinda, leo unataka ndege?" Alipanda ngazi akipiga ufagio ukutani. "Toka hapo, wewe! Watu wa milimani hamjui hata kupiga kasia, nani kakupa usukani?"

Abiria walianza kucheka. Wengi walikuwa wenyeji, waliutambua utani wa msibani, na mmoja akatoa simu arekodi. Hyasinti aliingia hadi mbele. Alipoiona mikanda aliushusha ufagio.

"Vumbi lake liko wapi?" aliuliza.

Glorious alikuwa amewafuata. "Lilikwenda Dar. Lilitupwa."

"Basi hatuna cha kuzoa. Itabidi aende mwenyewe kwa miguu yake, na hatamfuata mtu yeyote ila aliyemfagia." Akamgeukia Glorious. "Lakini wewe ni wa kurusha watu. Wewe akikufuata, atakufuata huko juu. Kazi hii ilikuwa ya nani kabla yako?"

"Yangu," alisema Bonifasia.

"Binti, mpe mama huyu ufagio uliofagilia. Sema, kazi haikuwa yangu, namrudishia mwenyewe."

Glorious aliuchukua ufagio mdogo wa ndege. "Mama, hapana. Huyu mzee atakudhuru."

"Lete, mwanangu."

"Kazi haikuwa yangu," Glorious alisema huku akilia. "Namrudishia mwenyewe."

Ufagio ulipogusa viganja vya Bonifasia, kufuli ya mikanda ililia, na mikanda ikaanguka. Kisha uzito ukamshukia begani, uzito wa mkono wa mtu anayesaidiwa kutembea, na baridi ikampenya kitenge na kumfika kwenye mfupa.

"Twende!" Hyasinti alipiga kelele. Akaanza kumfagia Bonifasia miguuni, akimsukuma kuelekea mlangoni. "Toka, mchoyo wa ugoro! Kahawa yako chungu, hata panya wanaitema! Toka, ukamsumbue mkeo huko aliko!"

Abiria walicheka hadi wakashikana. Waliona mama mmoja anatimuliwa kwa ufagio, anashuka ngazi polepole, bega moja limeinama. Hawakuona kwamba kila ngazi aliyoiacha ililia mara ya pili baada yake.

Nje ya kiwanja alikuwapo Erasmo, kijana wa bodaboda. Hyasinti alipanda nyuma kabisa, Bonifasia katikati, ufagio kifuani.

"Litembo," Hyasinti alisema. "Makaburini."

Walipanda mlima kwa gia ya kwanza. Erasmo alikuwa akitazama gurudumu la nyuma mara kwa mara.

"Mzee, ninyi ni wawili kweli? Hata magunia mawili ya mahindi hayanielemei hivi."

"Tazama mbele, mdogo wangu."

"Natazama. Ila kuna mtu ananipumulia sikioni, na ninyi wote vichwa vyenu viko nyuma."

Hakuna aliyemjibu. Walipokuwa kwenye kona ya mwisho walisikia mvumo, wakainua nyuso. Ndege ilikuwa inapita juu ya mashamba ya kahawa, mabawa yake sawasawa, ikielekea mashariki. Bonifasia aliifuata kwa macho mpaka ikawa nukta.

Kaburi la mzee Raimundi lilikuwa bado na udongo mwekundu na shada lililonyauka. Hyasinti alimsimamisha Bonifasia miguuni pa kaburi.

"Mwambie kwa nini ulimwacha mgeni amfagie. Akishasikia, atashuka."

Bonifasia alifungua mdomo. Aliwaona wanawake wawili wa kwaya yake wakipalilia ng'ambo ya ua, wameacha majembe, wanasikiliza.

"Nilisahau, baba," alisema. "Siku ile palikuwa na vurugu. Nilisahau desturi."

Uzito ukaondoka begani. Hyasinti alifagia juu ya udongo mara tatu, akamwacha mzee na tusi la mwisho la kirafiki, wakasali Baba Yetu, wakarudi kwenye pikipiki.

Hawakufika mbali. Kwenye mteremko wa kwanza, mahali ambapo pikipiki yoyote hukimbia yenyewe, Erasmo alilazimika kuongeza moto. Injini ilivuma, ikakoroma, ikazimika.

"Shukeni nitazame tairi," alisema.

Walishuka wote watatu. Erasmo alipiga tairi teke. Lilikuwa limejaa upepo. Kisha akatazama springi, akarudi nyuma hatua moja, na Hyasinti akatazama, na Bonifasia akatazama. Pikipiki ilikuwa imesimama peke yake kwenye stendi yake, hakuna mtu juu yake, na springi zake zilikuwa zimebonyea hadi mwisho.

Hyasinti alitafuta neno la kumtania mzee. Hakulipata.

"Mama," alisema polepole, "yule binti amekwenda salama. Sasa ni wewe. Mimi siwezi kukufagia na uongo ndani. Usipomwambia kweli, usiku huu atalala kwako, na kesho, na siku zote."

Upepo wa mlimani ulikuwa umetulia. Bonifasia alipiga magoti barabarani, kwenye vumbi, mbele ya pikipiki tupu, na alipoanza kusema sauti yake ilikuwa ndogo, lakini aliendelea bila kusimama, akihofu kwamba akisimama hataweza kuanza tena.

"Sikusahau. Nilijua. Yule mtoto aliniuliza, nifagie? Nikaona wamenipokonya kazi, nikataka waumbuke, nikataka waone kwamba kufagia si kazi ya kila mtu. Wewe ulikuwa bado una joto, baba, na mimi nilikuwa nawaza barua. Nilikutumia wewe kuwakomesha. Nikapata nilichotaka, na nikarudi nyumbani naimba. Sikumwambia hata Padri. Nisamehe."

Springi zililia. Zilipanda kidogo, zikasita, kana kwamba mtu mgonjwa anatafuta ardhi kwa mguu mmoja, kisha zikapanda zote.

Majani ya pembeni mwa barabara yaliinama, hatua moja, halafu nyingine. Yaliendelea kuinama kwa mwendo wa mzee asiye na haraka, yakipanda mlima kurudi Litembo. Yalipofika penye mgomba wa kwanza yakasimama. Hyasinti alimshika Bonifasia mkono asiseme kitu. Walingoja hadi yalipoinama tena upande wa pili na kutoweka shambani.

Muda mrefu ulipita kabla ya Erasmo kuishika pikipiki yake. Aliinua gurudumu la nyuma kwa mkono mmoja. Ilikuwa nyepesi, nyepesi mno, na hakuna kati yao aliyekuwa na hamu ya kuipanda. Waliisukuma kwa zamu, kwa miguu, mpaka Mbinga.